Sarafu Inayolia: Mwongozo Kamili wa Kukusanya Sarafu za Fedha za Marekani na Kumbukumbu Zake

Kiswahili kina neno moja, fedha, kwa madini na kwa pesa. Marekani ya kabla ya 1965 neno hilo lilikuwa kweli kwa maana zote mbili: senti kumi, robo dola, nusu dola na dola nzima zilitengenezwa kwa fedha asilimia 90 na shaba asilimia 10. Mtu alikwenda kununua mkate akiwa na madini hayo mfukoni.

Mimi nilizijua kwa sikio kabla ya kuzijua kwa jicho. Nilikuwa keshia katika duka la vyakula huko Ohio. Jioni moja mtoto wa kike wa miaka kumi hivi alimwaga sarafu kwenye kaunta anunue mkate na soda. Sarafu za siku hizi zikianguka hutoa mlio mfupi, mzito. Moja katika zile ilitoa mlio mwembamba, mrefu, ukabaki hewani. Niliiokota: robo dola ya 1944. Katika rundo lile zilikuwamo nane za aina hiyo, na nyingine ndogo ndogo. Nikamuuliza amezitoa wapi. "Kwenye kopo la bibi." Nikamlipia mkate wake, nikazitia sarafu zote kwenye bahasha, nikaandika namba ya duka juu yake na kumwambia ampe bibi mkononi.

Kesho yake bibi akaja mwenyewe, mama mtu mzima, Mmarekani Mweusi mwenye asili ya Alabama, na kopo la biskuti kwapani. Akaniambia, "Njoo Jumapili uniambie hizi ni nini, nami nitakuambia ni za nani." Mwongozo huu umetokana na Jumapili hizo. Maswali yake mawili ndiyo kazi yote ya mkusanyaji, na la pili ndilo linaloharakisha, kwa sababu anayelijua jibu anazeeka.

Hatua ya 1: Tazama mwaka na ukingo

Senti kumi, robo dola au nusu dola yenye mwaka 1964 au wa nyuma zaidi ni ya fedha asilimia 90. Isimamishe uone ukingo wake. Ya fedha ni nyeupe mzunguko mzima. Robo dola na senti kumi za baadaye zina mstari wa rangi ya shaba katikati, maana ndani ni shaba, na juu na chini zimefunikwa kwa mchanganyiko wa shaba na nikeli.

Mpaka huo wa mwaka una sababu yake. Mwaka 1963 bei ya fedha ilifika dola 1.29 kwa wakia ya masonara (gramu 31.1), na kwa bei hiyo madini yaliyomo ndani ya dola nzima yana thamani ya dola moja kamili. Bei ikipanda kidogo tu, anayeyeyusha sarafu anapata faida kuliko anayeitumia. Watu wakaficha, chenji ikaadimika, na tarehe 23 Julai 1965 Rais Lyndon Johnson akatia saini sheria iliyoiondoa fedha katika senti kumi na robo dola. Nusu dola ikashushwa hadi asilimia 40 na kuendelea hivyo mpaka 1970. Wengi huzipita hizo za kati ya 1965 na 1970 wakidhani hazina kitu, kwa hiyo ziangalie.

Usiisahau senti tano ya wakati wa vita. Nikeli ilihitajika kwa silaha, basi kuanzia katikati ya 1942 hadi 1945 senti tano ikatiwa fedha asilimia 35. Utaijua kwa herufi kubwa, P, D au S, iliyokaa juu ya kuba la nyumba iliyochorwa mgongoni.

Hatua ya 2: Ipime

Nunua mizani ndogo inayosoma hadi sehemu ya mia ya gramu, aina wanayotumia masonara. Dola nzima, yaani zile za mchoro uitwao Morgan na ule uitwao Peace (tazama Hatua ya 3), ina gramu 26.73 na upana wa milimita 38.1. Nusu dola ni gramu 12.5, robo 6.25, senti kumi 2.5. Sarafu iliyotumika sana hupungua kidogo. Robo dola isiyo na fedha ni gramu 5.67, kwa hiyo hata gizani mizani itakuambia.

Sumaku haishiki fedha. Ikishika, hiyo ni bandia na hakuna la kujadili. Lakini kutoshika si ushahidi wa kutosha, maana shaba nayo haishikwi. Dola za Morgan za bandia ni nyingi sokoni, hivyo kwa dola nzima mimi huongeza kipimo cha maji. Weka kikombe cha maji safi juu ya mizani na uirudishe mizani kwenye sifuri. Funga sarafu kwa uzi mwembamba, uizamishe yote bila kugusa chini wala pembeni, kisha soma. Mizani itaonyesha uzito wa maji yaliyosukumwa. Gawanya uzito mkavu wa sarafu kwa namba hiyo. Kwa fedha ya asilimia 90 jibu ni kama 10.3, kwa maneno mengine, dola ya gramu 26.73 inapaswa kuonyesha takriban gramu 2.6 ikiwa majini. Ikionyesha 3 na zaidi, mrudishie muuzaji. Ukimaliza, ilaze juu ya kitambaa laini cha pamba ikauke. Usiifute.

Na sikio? Iweke nusu dola juu ya ncha ya kidole na uigonge kidogo ukingoni kwa penseli. Ukishausikia mlio wa fedha mara tatu hutausahau. Ila usiangushe sarafu nzuri mezani ili tu usikie inavyolia.

Hatua ya 3: Isome

Sarafu ina mwaka, mchoro na alama ya kiwanda. Bila herufi, mara nyingi imetoka Philadelphia. D ni Denver, S ni San Francisco, O ni New Orleans, na CC ni Carson City, Nevada. Katika dola ya Morgan tafuta herufi mgongoni, chini ya shada lililo chini ya tai. Katika robo dola ya Washington ya kabla ya 1965 iko mgongoni, chini ya shada. Katika senti kumi ya Roosevelt ya miaka hiyo iko mgongoni, kushoto kwa shina la mwenge. Tumia kioo cha kukuzia cha mara tano hadi kumi, na taa ya pembeni badala ya ya juu.

Michoro utaizoea kwa kushika. Senti kumi ya 1916 hadi 1945 ina kichwa chenye kofia ya mabawa. Watu wakaiita Mercury, mungu wa Warumi, ingawa mchongaji Adolph Weinman alimchora Uhuru kama mwanamke. Mikono hiyohiyo ilitengeneza nusu dola ya 1916 hadi 1947, mwanamke anayetembea kulielekea jua huku vazi lake likipepea. Kwangu mimi hakuna sarafu ya Marekani inayoifikia kwa uzuri, hata zile zilizosuguliwa na mifuko mpaka uso wake umefutika. Dola ya Morgan ilitoka 1878 hadi 1904, ikarudi 1921. Ya Peace ilianza mwaka huohuo wa 1921 kuadhimisha amani baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, ikaisha 1935. Robo dola ya Washington ilianza 1932, nusu dola ya Franklin 1948, na ya Kennedy 1964.

Herufi hiyo ndogo inaweza kugeuza bei yote. Senti kumi ya 1916 ya Denver ilitengenezwa 264,000 tu. Walaghai huchukua ya Philadelphia ya mwaka huo na kubandika D. Ukipewa moja kwa bei ya kushangaza, usilipe mpaka itazamwe na kampuni ya kukagua sarafu. Zinazoaminika zaidi ni PCGS, iliyoanza kazi 1986, na NGC ya 1987; huipa sarafu daraja kati ya 1 na 70 na kuifungia ndani ya kasha gumu la plastiki.

Hatua ya 4: Mahali pa kuzipata

Anza nyumbani, kwako na kwa jirani: makopo, droo za cherehani, mifuko ya makoti ya marehemu. Ukiishi Marekani, benki bado huuza sarafu kwa bunda: senti kumi 50 kwa dola 5, robo 40 kwa dola 10, nusu dola 20 kwa dola 10. Unafungua, unatazama kingo, unazirudisha zisizofaa. Katika nusu dola ndimo kuna matumaini zaidi, kwa sababu watu hawazitumii sana madukani. Ni kazi ya subira na hupotezi senti.

Kisha kuna maduka ya sarafu, maonyesho ya wikendi, na mauzo ya vitu vya nyumbani mtu anapofariki au kuhama. Katika mauzo hayo ya nyumbani fika mapema, na uliza hadithi kabla ya bei. Mara nyingi mwenye hadithi amesimama palepale mlangoni, amechoka, anatamani mtu amuulize.

Hatua ya 5: Thamani

Kuna thamani ya madini na thamani ya mkusanyaji. Ya madini ni hesabu. Wakia ya masonara ni gramu 31.1. Dola nzima ina wakia 0.7734 za fedha, nusu dola 0.3617, robo 0.1808, senti kumi 0.0723, na senti tano ya vita 0.0563. Zidisha kwa bei ya siku hiyo. Tuseme wakia ni dola 30, mfano tu: robo dola inakuwa kama dola 5.42. Wafanyabiashara wanaonunua kwa wingi hutumia wakia 0.715 kwa kila dola moja ya robo au senti kumi, kufidia uchakavu. Mfanyabiashara atakununulia chini kidogo ya hesabu hiyo. Ndiyo riziki yake. Akikupa nusu ya hesabu, chukua kopo lako uondoke.

Thamani ya mkusanyaji hutegemea uchache, hali ya sarafu na hamu ya watu. Umri peke yake hautoshi: dola nyingi za Morgan zililala kwenye magunia ya hazina ya serikali miongo mingi, ndiyo maana ya 1881 inaweza kuonekana kama ya jana na bado isiwe adimu. Kwa upande mwingine, ile ya 1893 ya San Francisco ilitengenezwa 100,000 tu, na chini ya sheria ya Pittman ya 1918 dola zaidi ya milioni 270 ziliyeyushwa.

Hatua ya 6: Usiisugue

Nyumbani kwetu bangili za fedha zilisuguliwa kwa jivu na ndimu kabla ya Idi, zikang'aa. Kwa hiyo dola yangu ya kwanza ya Morgan, iliyokuwa na weusi wa buluu kuzunguka uso, niliisugua kwa dawa ya meno. Iling'aa kweli. Siku chache baadaye muuza sarafu aliiinamisha chini ya taa, akanionyesha mikwaruzo myembamba kama nywele, mamia, yote ikielekea upande mmoja. Iliumia bei, lakini lililonichoma zaidi ni kwamba weusi ule ulikuwa umejijenga taratibu ndani ya mkoba wa ngozi wa mtu fulani kwa miaka mingi, nami niliuondoa kwa dakika mbili.

Weusi wa fedha unatokana na salfa iliyo hewani, katika karatasi, katika mipira ya kufungia. Uache. Kitu kimoja tu kinahitaji hatua: ute wa kijani unaonata, ambao huletwa na plastiki laini ya PVC. Huo uloweke katika asetoni safi, si ile ya kuondolea rangi ya kucha yenye manukato, mahali penye hewa na mbali na moto, kisha iache sarafu ikauke bila kuigusa.

Hatua ya 7: Andika ni ya nani

Hapa ndipo wengi huishia njiani. Wanajua uzito, alama na bei, ila hawana jina hata moja la aliyeishika.

Jumapili ya kwanza nilikosea swali. Nilimwuliza bibi, "Hii ina historia gani?" Akanyamaza, hilo ni swali la darasani. Nikampa sarafu mkononi, nikauliza, "Ulipewa ukiwa umesimama wapi?" Mikono ikaanza kuongea kabla ya mdomo. Alipewa jikoni, mlango wa nyuma ukiwa wazi, na kaka yake aliyekuwa anaondoka kwenda jeshini. Senti kumi ya 1942. Kaka alimwambia anunue peremende, naye hakununua.

Basi mpe mtu sarafu, halafu uliza vitu vya kushikika: nani alikupa, mkono upi, mlikuwa mnakula nini, ilikaa ndani ya nini miaka yote hii. Omba ruhusa kabla ya kurekodi kwa simu. Andika maneno yake kama alivyoyasema, usiyapige pasi.

Ukimaliza, linganisha na ukweli wa sarafu, na ukikuta havilingani usitupe kimoja. Bibi alikuwa na nusu dola ya Kennedy aliyosema baba yake alimpa wiki ya mazishi ya Rais Kennedy. Kennedy aliuawa tarehe 22 Novemba 1963, na sarafu hiyo ilitoka kwa umma Machi 1964. Nilimweleza kwa upole. Akafikiri, akasema, "Basi tuliomboleza muda mrefu kuliko ninavyokumbuka." Tuliandika yote mawili, na hilo jibu lake pia.

Inasaidia kujua desturi za wenyewe, ili ujue la kuuliza. Afisa mpya wa jeshi la Marekani humpa dola ya fedha askari wa kwanza anayempigia saluti. Ukiona dola moja imetunzwa peke yake katika nyumba ya mwanajeshi, uliza. Mtoto aliyeng'oka jino aliamka akakuta senti kumi chini ya mto. Mwaka 1938 wananchi walituma senti kumi kumi Ikulu kwa ajili ya vita dhidi ya polio, ugonjwa uliompooza Rais Roosevelt mwenyewe, na ndiyo sababu baada ya kifo chake sura yake iliwekwa kwenye senti kumi mwaka 1946. Na katika kopo la bibi ilikuwamo senti kumi yenye tundu. Nilidhani imeharibiwa. Akacheka, akainua pindo la gauni na kunionyesha kifundo cha mguu: hapo ndipo bibi yake kule Alabama alipoifunga kwa uzi, kumkinga na maradhi na vijicho. Watu Weusi wa Kusini walifanya hivyo vizazi vingi. Nilimwambia kwetu tunaita hirizi, akalirudia neno mpaka likamkaa.

Tukiwa hapo nikamsimulia ya kwetu. Mwaka 1833 Edmund Roberts alifunga mkataba wa biashara kati ya Marekani na Sayyid Said, mtawala wa Muscat na Unguja. Aliporudi 1835 na zawadi za Rais Andrew Jackson, alimletea seti ya sarafu ambamo ilikuwamo dola yenye mwaka 1804, ingawa ilitengenezwa 1834 kwa ajili ya zawadi hizo hasa. Zilizobaki za toleo lile la kwanza ni nane tu. Ile inayoaminika kuwa ya Sayyid Said iliuzwa 1999 kwa dola milioni 4.14, kisha 2021 kwa milioni 7.68. Wakusanyaji wa Marekani humtaja Sultani wa Muscat kila siku, na wachache hujua kwamba ndiye huyohuyo aliyepandisha mikarafuu Unguja.

Kadi ninazotumia ni ndogo, penseli tu, maana wino hufifia na huchafua. Mfano mmoja: "Senti kumi, 1942, Denver. Gramu 2.46. Kutoka kwa kaka, mlango wa jikoni, siku aliyoondoka. Haikununua peremende. Imesimuliwa Jumapili, mwenyewe akiishika." Andika pia nani ameandika na lini.

Hatua ya 8: Pa kuziweka

Shika sarafu kwa ukingo, kitambaa kikiwa chini yake. Zile zenye maana zitie kwenye vikasha vigumu vya duara, au kadi za mraba zenye dirisha la Mylar, plastiki isiyo na PVC. Pini zake zibonyeze kwa koleo zisije zikakwaruza jirani. Epuka plastiki laini yenye harufu. Ukiishi pwani, kama Mombasa au Tanga, weka vifuko vya kunyonyea unyevu ndani ya boksi na uvibadilishe. Daftari la kumbukumbu lisilale pamoja na sarafu: mwizi au moto vikichukua kimoja, kingine kibaki. Piga picha kila kadi na umtumie mmoja wa familia.

Siku hizi mjukuu wake ndiye anayeandika kadi, kwa herufi nzuri kuliko zangu. Imebaki moja ambayo bibi mwenyewe haijui: senti kumi ya karne ya 19, upande mmoja umesuguliwa ukawa laini, kisha zikachongwa herufi mbili zilizosokotana, E na M, kama wapendanao wa zamani walivyokuwa wakichonga. Katika ukoo hakuna E wala M anayekumbukwa. Kwa sarafu kama hiyo usibuni. Mtoto ameandika uzito, herufi, na kwamba ilikutwa chini kabisa ya kopo, kisha mstari wa jina akauacha wazi.